Abanwe au Ahojiwe? Wazanzibari Watatu na Swali la Kuwatesa Watuhumiwa wa Ugaidi

Bomu la mabishano ya barazani huwa limebakisha saa moja liripuke. Mtu ameshakamatwa, anajua lilipo, hataki kusema, na skuli imejaa watoto. Utambana au humbani? Ukisema humbani, huna huruma na watoto wa watu. Ukisema utambana, umeshatoa ruhusa, na aliyekuuliza ataichukua ruhusa hiyo aipeleke kwa kila mtuhumiwa aliyewahi kutiwa pingu, liwepo bomu lisiwepo.

Zanzibar hatuhitaji bomu la kubuni. Kwenye majalada ya Marekani kuhusu ugaidi wa Afrika Mashariki wamo Wazanzibari watatu waliohojiwa kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo. Wawili waliandamwa kwa jambo lilelile: miripuko ya balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam ya tarehe 7 Agosti 1998, iliyoua watu 224, kati yao 11 Dar es Salaam. Wa tatu alishukiwa kuwa karibu na watu wa al-Qaeda, mtandao uliotuhumiwa kwa miripuko hiyo. Mmoja alihojiwa na wapelelezi waliomsomea haki zake kwanza. Wawili walipitishwa magereza ya siri ya CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Anayetaka kuamua asimame wapi, awe mwanafunzi anayejiandaa na mdahalo au mtu mzima aliyechoka kusikia jibu lilelile kila jioni, aanzie hapo.

Niseme mapema kwamba mimi ni wa upande unaokataa kabisa. Lakini upande wa pili una hoja, na moja ni nzito. Nitaifikia.

Tunalinganisha nini hasa

Njia ya nguvu ina karatasi zake. Tarehe 1 Agosti 2002 wanasheria wa Wizara ya Sheria ya Marekani waliiandikia CIA kwamba mbinu 10 zinaweza kutumika kwa Abu Zubaydah, mtuhumiwa wa al-Qaeda aliyekamatwa Pakistan mwezi Machi mwaka huo. Miongoni mwake ni kunyimwa usingizi, kufungiwa ndani ya sanduku, kubamizwa ukutani, na kulazwa kwenye ubao huku maji yakimwagwa usoni juu ya kitambaa mpaka mwili uamini kuwa unazama. Walioziandaa ni wanasaikolojia wawili, James Mitchell na Bruce Jessen. Kazi yao ya nyuma ilikuwa kuwafunza wanajeshi wa Marekani namna ya kuvumilia wakitekwa na adui; mtuhumiwa wa kweli hawakuwa wamewahi kumhoji. Kampuni yao ililipwa dola milioni 81.

Njia ya mazungumzo hudharauliwa kwa sababu watu wanaidhania ni upole. Mpelelezi wa njia hii huingia chumbani ameshasoma kila kitu: anaijua lugha ya mtuhumiwa, ukoo wake, safari zake, simu zake. Anamwacha aeleze kwa maneno yake mwenyewe, hata adanganye. Uongo nao una kazi, kwa kuwa kesho utawekwa mbele ya risiti, picha na muhuri wa pasi. Mtu akishajua kwamba aliye mbele yake hadanganyiki, na hata hivyo hamdhalilishi, mara nyingi husema.

Siku chache baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001, Ali Soufan wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, alikuwa Yemen akimhoji Abu Jandal, aliyewahi kuwa mlinzi wa Osama bin Laden. Aliona kwamba jamaa hagusi biskuti zinazoletwa na chai, akajua ni kwa sababu ya kisukari. Akamletea zisizo na sukari. Mazungumzo yakafunguka, na Abu Jandal akaja kuwatambua kwa picha watekaji kadhaa wa ndege zile. Wenye kucheka kisa cha biskuti wanasahau kuwa Soufan alizungumza naye kwa Kiarabu, alibishana naye dini kwa hoja, na alikuwa na majalada mkononi. Biskuti ilifungua mlango, na kazi ilikuwa imefanywa kabla.

Khalfan na Ghailani

Khalfan Khamis Mohamed alikodi nyumba Ilala, Dar es Salaam, na humo ndimo bomu lilimotengenezwa. Baada ya mripuko alikimbilia Cape Town kwa pasi yenye jina la uongo, akapata kazi mkahawani. Alikamatwa tarehe 5 Oktoba 1999. Wapelelezi wa FBI walimsomea haki zake, akakubali kuzungumza, akaeleza sehemu yake. Kesi ilisikilizwa New York mbele ya juri, na tarehe 29 Mei 2001 akatiwa hatiani. Wanajuri walishindwa kukubaliana juu ya adhabu ya kifo, akapewa kifungo cha maisha.

Ahmed Khalfan Ghailani alituhumiwa kushiriki kununua lori na mitungi ya gesi ya bomu hilohilo. Alikamatwa Gujrat, Pakistan, Julai 2004, baada ya mapambano ya risasi. Badala ya kupelekwa kortini alitoweka kwa karibu miaka 2 ndani ya magereza ya siri ya CIA, akahamishiwa Guantanamo, gereza la jeshi la Marekani huko Cuba, Septemba 2006, na Juni 2009 ndipo alipofikishwa New York. Waendesha mashtaka walikuwa na shahidi mzito, Mtanzania ambaye angesema kwamba yeye ndiye aliyemuuzia Ghailani baruti. Tarehe 6 Oktoba 2010 Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi huyo. Sababu ni kwamba jina lake lilipatikana kutokana na maneno ya Ghailani alipokuwa mikononi mwa CIA. Serikali yenyewe, ili yaliyotendeka huko yasianikwe, ilikuwa imeitaka mahakama ichukulie kwamba kila alichosema huko alikisema kwa kulazimishwa. Tarehe 17 Novemba juri likarudi na jibu: hatia kwa kosa 1, kati ya makosa 285.

Lililobaki lilikuwa njama ya kuharibu majengo na mali za serikali. Mashtaka ya mauaji yote yalianguka. Watu 224 walikufa, wengi wao Waafrika waliokuwa wakienda kazini siku ya Ijumaa, na mahakama ikaondoka na hukumu inayozungumzia majengo.

Mtetezi wa njia ya nguvu atasema: lakini naye si alipewa maisha? Kweli, Januari 2011 alihukumiwa kifungo cha maisha, na Jaji Kaplan alisema wazi kwamba alichofanyiwa na CIA, vyovyote kilivyokuwa, ni kidogo mbele ya mateso aliyoyasababisha. Lakini hesabu haiishii hapo. Juri lingeweza kuliangusha na hilo moja. Na baada ya jibu lile la juri, Bunge la Marekani liliweka vizuizi vya kuwahamisha wafungwa wa Guantanamo kwenda kushtakiwa ndani ya nchi. Khalid Sheikh Mohammed, anayetajwa kuwa mpangaji mkuu wa 11 Septemba, alimwagiwa maji kwa mtindo ule mara 183 mwezi Machi 2003 peke yake. Miaka 20 baada ya kukamatwa, kesi yake ilikuwa bado haijafika hukumu.

Haki inataka niseme pia kwamba ulinganisho huu una kasoro. Khalfan alikamatwa kabla ya 11 Septemba, wakati Marekani haijaingiwa na khofu iliyokuja baadaye. Na jalada lake si safi: tarehe 28 Mei 2001, siku moja kabla ya kutiwa hatiani, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba kumkabidhi kwa Wamarekani bila kupata ahadi kuwa hatauawa kulivunja katiba ya nchi hiyo. Haraka ya wapelelezi ilipita juu ya sheria hata pale ambapo hakuna aliyepigwa kofi. Pamoja na hayo, tuna makosa ya tukio moja, mahakama za mji mmoja na njia mbili za kuhoji. Moja ikaacha ungamo lililosimama, nyengine ikamfukuza shahidi.

Wa tatu

Suleiman Abdullah Salim alikuwa mvuvi na mchuuzi aliyekuwa akiishi Somalia. Machi 2003 alikamatwa Mogadishu na wanamgambo wa mbabe mmoja wa vita, akakabidhiwa, akapitishwa nchi moja baada ya nyengine mpaka Afghanistan, kwenye gereza la CIA ambalo ripoti za Marekani zinaliita COBALT. Kwa maelezo yake mwenyewe, yaliyofika mahakamani, huko kulikuwa na giza la usiku na mchana, muziki wa kupasua masikio, maji ya baridi, na kutundikwa kwa mikono. Mfungwa mwengine wa gereza hilohilo, Gul Rahman, alikufa humo kwa baridi Novemba 2002.

Salim hakushtakiwa kwa kosa lolote. Agosti 2008 aliachiwa kutoka Bagram, gereza la jeshi la Marekani hukohuko Afghanistan, akiwa na karatasi ya jeshi la Marekani isemayo kwamba imeonekana hana hatari kwa majeshi hayo. Alirudi Zanzibar. Oktoba 2015 yeye, mfungwa mwengine wa zamani na jamaa wa Gul Rahman waliwashtaki Mitchell na Jessen, na Agosti 2017 kesi ikamalizwa kwa makubaliano kabla ya kusikilizwa.

Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Ripoti ya Kamati ya Seneti ya Marekani, ambayo muhtasari wake ulitolewa Desemba 2014, ilihesabu watu 119 waliopitia magereza yale ya siri, na ikaona kwamba wasiopungua 26 hawakupaswa hata kushikwa kwa mujibu wa vigezo vya CIA yenyewe. Katika mabishano ya bomu la kubuni, aliyekamatwa huwa ndiye siku zote. Hakuna anayeuliza "na kama siye?", kwa kuwa msimuliaji ameshatuambia kuwa ndiye.

Hoja nzito

Sasa ile hoja niliyoahidi. Wasemaji wake hawajali kesi. Wanasema: mahakama inashughulika na waliokwisha kufa, sisi tunataka kuwaokoa walio hai. Shahidi akikataliwa na akataliwe, alimradi mripuko mwengine umezuiwa. Mtu mmoja kuumizwa ili mia waishi, ubaya wake uko wapi?

Hoja hii haijibiwi kwa kusema kwamba mateso hayatoi chochote. Yanatoa. Mtu akiumizwa vya kutosha atasema, na mara nyengine atasema kweli. CIA ilipoijibu ripoti ya Seneti ilishikilia kwamba ilipata habari zenye manufaa kwa watu waliobanwa, na si haki kuwaita wote waongo. Tatizo ni kwamba kweli na uongo vinatoka kinywa kimoja kwa sauti moja, na aliyeshika maji hana namna ya kuvitofautisha kwa wakati anaouhitaji.

Tazama alichosema Ibn al-Shaykh al-Libi, mtuhumiwa mwengine wa al-Qaeda. Wamarekani walimpeleka Misri, na huko, chini ya mateso, alisema kwamba Iraq ya Saddam Hussein iliwafunza watu wa al-Qaeda matumizi ya silaha za sumu. Ilikuwa ndiyo habari iliyotafutwa, kwa hiyo ilipendeza. Tarehe 5 Februari 2003 Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, aliipeleka mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa bila kumtaja mtoaji wake, na mwezi uliofuata vita vikaanza. Mwaka 2004 al-Libi aliyakana maneno yake. Ukitaka kuhesabu roho, basi hesabu na hizo: mteswaji alisema alichodhani wanataka kusikia, na taifa kubwa likakitumia kama sababu mojawapo ya kuingia vitani.

Na yule tarishi aliyewafikisha Wamarekani kwa bin Laden? Watetezi humtaja sana. Kwa mujibu wa ripoti ya Seneti, habari sahihi zaidi juu ya tarishi huyo zilitolewa na Hassan Ghul, mtu wa al-Qaeda aliyekamatwa kaskazini mwa Iraq Januari 2004, tena alizitoa kabla hajaguswa, akiwa bado katika mazungumzo ya kawaida. Baadaye akateswa hata hivyo. CIA inaipinga tafsiri hiyo. Lakini hata msomaji anayeiamini CIA zaidi kuliko Seneti abaki na swali: kama alikuwa akisema, kwa nini aliteswa?

Nadhani jibu ni kwamba aliyeruhusiwa kutumia nguvu hawezi tena kuamini neno lililokuja bila nguvu. Abu Zubaydah alikwisha kumtaja Khalid Sheikh Mohammed kwa wapelelezi wa FBI waliokaa naye hospitalini wakimhudumia. Hayo hayakutosha. Agosti 2002 akamwagiwa maji mara 83.

Milango mitatu

Ukiyaacha majalada ukaja kwenye kanuni, utakuta misimamo mitatu, na watu wengi huchanganya wa pili na wa kwanza.

Wa kwanza ni wa kibali. Alan Dershowitz, profesa wa sheria wa Harvard, alipendekeza baada ya 11 Septemba kwamba kama serikali zitatesa vyovyote iwavyo, ni bora jaji atoe hati ili kuwe na jina na saini. Ni hoja ya mtu mwerevu, na ina uaminifu fulani ndani yake. Lakini mbinu zile 10 za Agosti 2002 nazo zilikuwa na jina na saini. Saini haikuzuia kitu. Iliwapa waliotesa mahali pa kujificha.

Wa tatu, nitangulie huko, ni wa marufuku isiyo na dirisha. Ndio msimamo wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Mateso wa 1984, unaosema kwamba si vita, si hali ya hatari, wala si amri ya mkubwa inayoweza kuhalalisha.

Wa pili ndio wenye wafuasi wengi barazani, ingawa hawaujui kwa jina: iwe marufuku, lakini siku ya siku ikifika mtu afanye, kisha ahukumiwe kwa huruma. Israel iko karibu na hapo. Tarehe 6 Septemba 1999 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliwakataza wapelelezi kutumia mbinu za nguvu, lakini ikaacha uwezekano wa mpelelezi kujitetea baadaye kwamba alilazimika. Watetezi wa haki za binadamu wamekuwa wakilalamika kwamba ufa huo haukuziba.

Ujerumani ina kisa kinachoukaribia mfano wa bomu kuliko vyote nijuavyo, ingawa hakihusu ugaidi. Mwaka 2002 Magnus Gäfgen alimteka mtoto wa miaka 11 mjini Frankfurt akidai fedha. Alikamatwa. Naibu mkuu wa polisi, Wolfgang Daschner, akiamini mtoto bado yu hai, aliamuru mtuhumiwa atishwe kwamba ataumizwa vibaya. Akasema mara moja. Mtoto alikuwa ameshakufa. Gäfgen alimuua kabla. Daschner alishtakiwa, akatiwa hatiani 2004, akapewa onyo tu na faini iliyosimamishwa. Gäfgen alifungwa maisha kwa ushahidi mwengine na kwa kukiri upya kortini, na mwaka 2010 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema kwamba hata kitisho kile kilikuwa ni kumtendea mtu kinyume cha ubinadamu.

Kisa hiki kinanisumbua. Ningekuwa mzazi wa yule mtoto, ningembusu Daschner mkono. Lakini angalia Ujerumani ilivyofanya: ilimhurumia mtu bila kuibadilisha kanuni. Daschner mwenyewe aliandika kwenye jalada alichokiamuru, hakukificha. Kati ya msimamo wa pili na wa tatu tofauti inaweza kuwa ndogo kiasi hicho pale ambapo polisi huandika ukweli na mahakama huusoma. Pasipo na hayo mawili, "siku ya siku" huwa kila siku.

Hapa kwetu

Na kwetu je? Wazee wakitaja "Kwa Bamkwe", gereza la mateso la enzi za Karume, hawaongezi neno. Tarehe 7 Aprili 1972 Rais Abeid Amani Karume aliuawa kwa risasi Kisiwandui. Watu wengi wakakamatwa, na kesi ya uhaini iliyofuata ilijengwa juu ya maungamo. Washtakiwa hawakuwa na mawakili wa kuwatetea, na walioyakana maungamo yao walisema waliteswa. Abdulrahman Mohamed Babu alihukumiwa kifo bila ya kuwepo kizimbani, akiwa kizuizini Bara, kisha akaachiwa 1978. Zaidi ya miaka 50 imepita na mpaka leo ukiuliza nani hasa alipanga, utapata majibu kwa idadi ya waliokaa. Mauaji ya kiongozi mkuu wa nchi hii hayana ukweli unaokubalika, na sehemu ya sababu ni jinsi maneno yalivyotolewa.

Khofu nayo si ya kubuni. Padre Evarist Mushi alipopigwa risasi Mtoni tarehe 17 Februari 2013, katika kipindi ambacho viongozi wa dini walikuwa wakimwagiwa tindikali na kushambuliwa, waliosema "wabanwe" hawakuwa watu wabaya. Walitaka kulala usingizi. Kisha ikaja kesi ya ugaidi ya masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, iliyofunguliwa Dar es Salaam 2014 dhidi ya watu waliotoka Zanzibar. Malalamiko ya mateso yalitajwa mbele ya hakimu. Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka akayafuta mashtaka, na sisi wengine, tuliowaamini na tusiowaamini, tukaachwa bila hukumu.

Bara walishuhudia jambo la jamii hiyo katika kesi ya ugaidi ya Freeman Mbowe na wenzake. Maelezo ya onyo ya washtakiwa yalipingwa kwamba yalichukuliwa kwa mateso na nje ya saa 4 za msingi zilizowekwa na sheria, ikalazimu kusikilizwa kesi ndogo ndani ya kesi kubwa. Mahakama iliyapokea maelezo. Tarehe 4 Machi 2022 mashtaka yakafutwa hata hivyo. Wiki za mahakama zilikwenda kwenye swali la nini kilitokea kituoni, badala ya swali la nini washtakiwa walipanga au hawakupanga.

Kwa wenye kuuliza dini inasemaje

Swali hili huja kila mara, na jibu lake si la mkato kama wanavyodhani baadhi ya wanaharakati. Wapo wanazuoni walioruhusu mtuhumiwa wa wizi apigwe ili akiri, na msimamo huo hunasibishwa na Imam Malik. Wengine baadaye waliruhusu kwa mtu anayejulikana kwa uovu. Imam Ghazali, ambaye ni wa madhehebu yetu ya Shafi, aliipima hoja hiyo ya maslahi akaikataa: huenda anayepigwa hana hatia, na kuacha kumpiga mwenye dhambi ni jambo jepesi kuliko kumpiga asiyenayo. Aliyasema hayo takriban miaka 900 kabla ya Salim kushushwa Afghanistan.

Na kabla ya Ghazali kuna Ammar bin Yasir, aliyeteswa Makka mpaka akatamka maneno ya kuikana imani. Aya ya 106 ya Sura ya An-Nahl ikamwondolea lawama aliyelazimishwa hali moyo wake umetulia. Ikiwa tamko zito kuliko yote halihesabiwi likitoka kwa mateso, sijui kwa mantiki gani tutalihesabu tamko la "ndiyo, nilinunua baruti".

Ukichagua

Atakayechagua mlango wa kwanza aseme kwanza ni nani atatia saini hapa, Zanzibar, na aseme kama angekubali saini hiyo iwe mikononi mwa chama asichokipigia kura. Wa pili aonyeshe polisi anayeandika jaladani "nimemtisha, na hii ndiyo amri yangu". Wa tatu, ambaye ndiye mimi, asijidai kwamba chaguo lake ni la bure. Kuna siku, hata kama ni nadra, mtu atanyamaza na watu watakufa. Na njia ya mazungumzo inataka mafunzo, wapelelezi wanaosoma, na subira ambayo wanasiasa hawana. Uingereza iliifikia miaka ya 1990 kwa aibu, baada ya kuonekana kwamba watu, wengi wao Waairishi, waliofungwa kwa miripuko ya Guildford na Birmingham walikaa gerezani zaidi ya miaka 14 kwa maungamo yasiyo ya kweli. Norway ikafuata, na mwaka 2021 wataalamu wakiongozwa na Juan Méndez, Muargentina aliyewahi kuteswa mwenyewe, waliziandika kanuni zake ili nchi yoyote iweze kuzitumia.

Kwetu Katiba ya Muungano, ibara ya 13, inapiga marufuku mtu kuteswa, na Katiba ya Zanzibar ya 1984 nayo vilevile. Chini yake kuna matundu. Sheria ya Ushahidi ya Bara ya 1967 inasema ungamo lisikataliwe kwa sababu tu ya ahadi au kitisho, ila mahakama ikiona kitisho hicho kingeweza kuzaa ungamo la uongo. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002 inatumika pande zote mbili za Muungano, na mshukiwa wa Wete anaweza kujikuta Dar es Salaam mbali na wakili na jamaa zake. Mkataba wa 1984, mpaka mwaka 2024, Tanzania ilikuwa haijauridhia. Kinachohitajika kwanza hakina ufundi mkubwa: mahojiano yarekodiwe tangu dakika ya kwanza, wakili awepo, daktari amwone mtuhumiwa akiingia na akitoka. Kumuuliza mwakilishi wa jimbo hakutoshi, kwa sababu Polisi na mikataba ya nje ni mambo ya Muungano. Mbunge naye aulizwe.